Kalamu za mti wa msitu mjini Bukavu: muvula, libuyu, ngula au wenge?

Mezani kwangu kuna kalamu nne za mti, na zote nimeziandikia hadi wino ukaisha zaidi ya mara moja. Nafundisha sekondari hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na wakati wa mitihani nasahihisha kopi zaidi ya mia kwa juma. Kalamu mbaya naijua kwa kidole cha kati kabla sijaijua kwa jicho. Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alitetea kazi yake ya mwisho chuoni, na familia ikakubaliana apewe kalamu ya mti iliyokerezwa hapahapa mjini. Wakanipigia simu: "Wewe ndiye unazijua, tuchukue ipi?" Jibu langu lilikuwa refu kuliko walivyotaka. Ndilo hili, kwa yeyote mwenye swali lilelile.

Ulizia tumbo kabla ya ngozi

Mnunuzi akiingia kwa fundi huuliza: "Huu ni mti gani?" Ni swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni hili: wino ukiisha, mrija mwingine nitaupata wapi? Kalamu ya mti ikitunzwa inadumu miaka na miaka, lakini mrija wa wino unaisha kwa miezi, na kwangu mimi kwa majuma. Nimeona kalamu za kupendeza mno zimelala kwenye droo kwa sababu mwenyewe alizunguka mjini akakosa mrija unaoingia.

Kwa mafundi wetu utakuta matumbo ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni nyembamba, ya kuzungusha. Fundi ananunua seti ya vyuma iliyotoka nje: vibomba viwili vya shaba vya milimita 7, ncha, pete ya katikati na kibanio cha mfukoni. Mti unakatwa vipande viwili, kila kimoja kinatobolewa na kugundishwa kwenye kibomba chake, kisha vyote vinakerezwa. Ukizungusha sehemu ya juu, ncha inatoka. Ni kalamu maridadi na inakaa vizuri mfukoni mwa shati. Shida ni mrija wake, ule mrefu mwembamba wa aina ya Cross. Hapa Bukavu sijaupata kwa urahisi. Wa mwisho aliniletea mwenzangu aliyekuwa anarudi kutoka Kigali.

Aina ya pili ni nene, na hutumia mrija wa aina ya Parker, ule mnene wenye urefu wa milimita 98. Umbo hilo limekuwa kipimo cha kawaida duniani na viwanda vingi vinalitengeneza, kwa hiyo si lazima upate wa Parker wenyewe. Duka la vitabu na madaftari likiwa na mrija mmoja wa chuma, mara nyingi ndio huo.

Aina ya tatu haina seti ya vyuma hata kidogo, na ndiyo ninayoipenda. Fundi anachukua kijiti kizima cha mti, anakitoboa katikati tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, halafu anachomeka mrija wa biki pamoja na ncha yake. Kila kalamu ya wino sisi tunaiita biki, na jina hilo limetoka kwa Marcel Bich, Mfaransa aliyeanza kuuza kalamu yake ya Cristal mwezi Desemba 1950. Leo hakuna kibanda cha unga na sabuni hapa mjini kisichokuwa na biki. Wino ukiisha unanunua biki moja, unang'oa tumbo lake kwa meno au kwa koleo, unalihamishia kwenye mti wako. Umemaliza.

Lakini kalamu ya aina hii inataka fundi anayeijua. Ya kwanza niliyonunua iliandika vizuri kwa juma moja, kisha ikaanza kukwaruza karatasi bila wino. Nilitikisa, nikapasha ncha kwa kiberiti, nikabadilisha mrija, wapi. Nikairudisha. Fundi akaigeuza mkononi, akatazama mkiani, akasema, "Mama mwalimu, nilimziba pumzi." Akapasha sindano kwenye jiko la makaa, akatoboa tundu dogo kwenye mkia wa kalamu, moshi mwembamba ukatoka, akanirudishia. Iliandika palepale, na hadi leo inaandika. Chukua biki ya kawaida uitazame ubavuni: kuna kitundu kidogo kama cha sindano. Kazi yake ni kupitisha hewa, ili hewa ya ndani na ya nje zilingane wino unapopungua. Kwenye mti uliobana mrija pande zote, tundu hilo lisipokuwepo wino unakwama. Kwa hiyo ukinunua kalamu ya mti yenye tumbo la biki, tafuta tundu kwanza.

Udhaifu wake mwingine ni kwamba haijifichi ncha. Inahitaji kofia, na kofia ya mti hulegea kadiri siku zinavyopita. Mwenye kuweka kalamu katika mfuko wa shati jeupe achukue ya kuzungusha.

Zipo pia za nibu na wino wa kumimina. Ni nzuri kwa mtu mwenye meza yake na karatasi nzito. Karatasi za madaftari yetu hunyonya wino huo hadi upande wa pili, na sitazizungumzia zaidi.

Nilizipima kwenye mzani wa dhahabu

Wauzaji wanapenda kusema: "Chukua wenge, ni nzito, ndiyo ya wakubwa." Nikataka kujua. Jirani yangu hununua dhahabu, na mzani wake unahesabu hata sehemu ya gramu. Jioni moja nikampelekea kalamu zangu zote, tukazilaza moja moja pale anapolaza vumbi lake la thamani.

Biki ya plastiki ilipima karibu gramu 6. Ya muvula yenye tumbo la biki, gramu 9. Ya libuyu, nyembamba ya kuzungusha, gramu 21. Ya wenge, ya umbo lilelile na seti ileile, gramu 22. Ya ngula, nene, yenye mrija wa Parker, gramu 43.

Tazama hizo mbili za katikati. Mbao za wenge zina uzito wa kilo 870 hivi kwa mita moja ya ujazo, libuyu karibu 640. Ni tofauti kubwa ukibeba mlango begani. Kwenye kalamu nyembamba, mti wenyewe ni ganda la sentimita nne hivi za ujazo, kwa hiyo tofauti yote ni gramu moja. Uzito unaousikia mkononi ni wa vyuma. Anayetaka kalamu nzito achague umbo nene, na anayeandika mchana kutwa kama mimi akimbie vyuma. Nikisahihisha kopi thelathini kwa ile ya gramu 43, shina la kidole gumba linaniuma hadi asubuhi. Kwa kusaini barua tatu kwa siku, ileile ni raha tupu, maana inajiandikia yenyewe.

Sasa miti

Muvula ndio mvule wa Kiswahili cha pwani, na wauza mbao wa nje huuita iroko. Hapa Bukavu utaukuta kwenye milango ya nyumba za zamani na kwenye meza ambazo babu anaziacha kwa wajukuu. Ukitoka kwenye patasi una rangi ya manjano kama ugali wa mahindi ya njano, kisha mwanga unaukomaza taratibu hadi kahawia ya dhahabu. Kalamu yangu ina mwaka wa nne na bado inaendelea kukomaa, hasa pale kidole kinapokaa. Una mafuta yake ya asili, jasho haliutishi.

Kwa fundi muvula ni mti wenye kisirani. Nyuzi zake zimepishana, safu moja inalala huku na nyingine kule, kwa hiyo patasi butu inachuna badala ya kukata. Na ndani yake kuna mawe. Sisemi kwa mfano: mti wenyewe hutengeneza chokaa ngumu ndani ya shina, na patasi ikikutana nayo unasikia "tik", kisha fundi anazima mashine na kutafuta jiwe la kunolea. Nilisimama pembeni nikaiona siku hiyo. Chembe nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele, imekaa katikati ya mti wa dhahabu. Akaniuliza kama nataka kipande kingine. Nikamwambia aiache. Iko kwenye kalamu yangu hadi sasa, sentimita mbili juu ya ncha. Vumbi la muvula huwasha ngozi na kuchokoza mapafu. Fundi wako akikereza bila kitambaa mdomoni, mwambie. Kalamu iliyokwisha kusuguliwa na kupakwa haina neno.

Libuyu ni jamaa ya ile inayoitwa akajou, mbao nyekundu-kahawia inayopita kwa wingi kwenye karakana zetu, ikitoka upande wa Walikale na Shabunda. Uzuri wake ni mistari: ukiigeuza kwenye mwanga, mstari uliokuwa mweusi unakuwa mweupe na mweupe unakuwa mweusi, kama kitambaa cha satini. Ni laini kidogo kuliko muvula, kwa hiyo ikianguka sakafuni inapata kovu. Ndiyo rahisi kuikereza, ndiyo rahisi kuipata, na sioni sababu ya kuilipia bei kubwa.

Ngula, ambayo wengi wanaijua kwa jina la paduki, ndiyo inayowapofusha wanunuzi. Ikiwa mpya ni nyekundu ya machungwa, inawaka mkononi kama kaa la moto. Ni mti uleule wa unga mwekundu ambao mababu wa Bonde la Kongo walijipaka mwilini. Wakuba wa Kasai waliufanya kuwa sehemu ya heshima zao, tangu ngozi ya mtu aliye hai hadi sanda ya marehemu. Lakini wekundu huo haudumu. Mwanga unaula. Baada ya mwaka mmoja au miwili utakuwa na kalamu ya kahawia iliyoiva, yenye kivuli cha zambarau. Mimi naiona nzuri zaidi hivyo, ila rafiki yangu alihisi ameibiwa. Muulize unayempa zawadi, au mweleze mapema. Ngula ina tabia nyingine ya kujua: rangi yake huyeyuka kwenye alkoli. Fundi akipaka vanishi yenye spiriti bila uangalifu, wekundu unachafua mti mweupe uliowekwa pembeni yake. Vilevile, pamba yenye alkoli ikitoka nyekundu usiseme mti umepakwa rangi ya kudanganya. Ndiyo asili yake.

Kipimo hicho cha pamba kitumie kwenye wenge. Wenge halisi ni kahawia nzito yenye mistari myembamba myeusi, inayofuatana kama karatasi za kitabu ukikitazama ubavuni. Makazi yake ni magharibi na katikati ya Kongo, mbali sana nasi, na safari hiyo ndiyo inayopandisha bei yake hapa Bukavu. Ndiyo pia inayozaa ujanja: mti wa kawaida unapakwa rangi nyeusi na kupewa jina la wenge. Chungulia ndani ya kalamu pale mti unapokutana na chuma. Rangi ya kupaka haijafika huko. Hata ile halisi ina nyuzi nene zenye vitundu wazi. Isiposuguliwa kwa subira na kujazwa, uchafu wa mkono unajaa ndani yake. Na kibanzi cha wenge kikiingia kidoleni kinatunga usaha, mafundi wote watakuambia. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, limeuweka mti huu miongoni mwa iliyo hatarini kutoweka. Mimi ninayo moja, sitanunua nyingine.

Ukavu ndio unaotenganisha fundi na mchuuzi

Kalamu ya wenge niliyo nayo sasa si ya kwanza. Ya kwanza niliinunua kando ya barabara, mwezi wa Machi, mvua ikinyesha kila alasiri kama ilivyo desturi yetu tangu Septemba hadi Mei. Ilikuwa nzuri kweli. Ikafika Julai, vumbi la kiangazi likiwa limefunika mabati, nikaona uzi mweusi ukitokea kwenye pete ya katikati. Baada ya siku kumi uzi ule ulikuwa ufa, ukucha unaingia.

Sababu yake haina uchawi. Mti mbichi unaponyauka unajikunja, na kibomba cha shaba kilicho ndani hakijikunji. Mti unabana, hauna pa kwenda, unapasuka. Ndiyo maana fundi wa kweli anakata vijiti vyake, anavipanga juu ya dari au karibu na jiko kwa miezi kadhaa, na anaandika tarehe kwa penseli kwenye kila kimoja. Mwombe akuonyeshe vijiti hivyo. Asipokuwa navyo, akakuambia amekata leo asubuhi kwa ajili yako, mshukuru, uondoke. Ukiweza, nunua Agosti: kalamu iliyovuka kiangazi bila ufa imekwisha kufanya mtihani wake.

Gundi nayo ina maneno yake. Ile ya kukauka haraka hushika kwa dakika lakini ni ngumu na haivumilii mtikisiko. Ile ya kuchanganya chupa mbili inachukua usiku mzima na inadumu. Kuhusu upakaji, mimi nachagua mafuta na nta ya nyuki kuliko vanishi inayong'aa kama sahani. Nta inaisha, unapaka tena jioni moja ukiwa umekaa. Vanishi ikibanduka, kalamu lazima irudi kwenye mashine.

Mti umetoka wapi

Hapa siwezi kupita haraka. Mbao nyingi zinazoingia mjini kwetu zinatoka kwenye misitu inayopakana na hifadhi ya Kahuzi-Biega, makazi ya gorila wa nyanda za chini za mashariki. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, ikawa urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mtoto wa Bukavu anaiona milima hiyo akiwa njiani kwenda Kavumu. Sitaki kalamu yangu iwe imetoka ndani yake.

Fundi ninayemwendea hanunui gogo, hanunui hata ubao. Anazunguka kwa maseremala wa milango na vitanda, anakusanya mabaki ambayo yangekwenda jikoni. Kalamu moja inahitaji kijiti cha sentimita mbili kwa mbili, urefu wa sentimita kumi na tatu. Kipande cha muvula kilichobaki kwenye fremu ya mlango, cha sentimita thelathini kwa kumi na unene wa nne, kinampa kalamu zisizopungua nane hata akihesabu mti unaoliwa na msumeno. Seremala alikuwa akiwasha nacho moto wa maharage. Kati ya kalamu mbili zinazolingana kwa kila kitu, nitachukua ya mabaki, hata ikizidi dola mbili.

Kama zawadi inavuka mpaka, jua pia kwamba mti wa afromosia uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na jamaa yote ya paduki ya Afrika iliingizwa humo kwa uamuzi wa mwaka 2022. Masharti yake yanalenga magogo, mbao zilizopasuliwa au kuchongwa kingo, veneer (maganda membamba ya mbao) na plywood, si kalamu iliyokamilika. Hata hivyo mwombe fundi karatasi yenye jina la mti na saini yake. Ofisa wa uwanja wa ndege akikuuliza, ni bora uwe na cha kumwonyesha.

Ukiwa mbele ya fundi

Fungua kalamu, toa mrija, uutazame. Pitisha ukucha mahali mti unapogusa chuma. Ukikwama, palisuguliwa vibaya. Kwenye zile za vipande viwili, zungusha juu na chini hadi mistari ya mti ikutane: fundi makini huvikata vipande vyote viwili kutoka kijiti kimoja na kuvifuatanisha, hivi kwamba mshipa unapita chini ya pete na kuendelea upande wa pili kama mto chini ya daraja. Kwenye mti mweupe kama muvula mpya, angalia weusi karibu na pete. Huo ni unga wa chuma uliosuguliwa pamoja na mti, na hautoki. Halafu keti uandike. Usiandike saini tu, maana hakuna kalamu mbaya kwa saini. Omba karatasi, andika nusu ukurasa.

Basi, nani achukue ipi

Mwalimu, mwanafunzi, karani, muuguzi anayejaza fishi za wagonjwa: muvula yenye tumbo la biki. Yangu nililipa dola 5, na sijawahi kulala bila wino. Mtu wa mfuko wa shati, achukue libuyu nyembamba ya kuzungusha, ila anunue mirija mitatu siku hiyohiyo. Mkuu wa shule, mchungaji, wakili, mzee anayesaini kuliko anavyoandika: ngula nene yenye mrija wa Parker, nilitoa dola 25 na sijutii. Wenge namwachia aliyekwisha kuipenda na aliyeichungulia ndani.

Kwa mpwa wangu familia ilitaka ngula, kwa sababu ya ule wekundu kwenye picha za sherehe. Nikawaomba tuwe na subira. Kijana anaanza kufundisha Septemba, atakuwa na kopi kama zangu. Tukakubaliana muvula, na fundi akaikereza nene kidogo pale kidole kinaposhika, kwa kuwa kijana ana mikono ya baba yake. Alipokifungua kifurushi aliigeuza kalamu, akaipeleka dirishani, akauliza, "Mama mdogo, hili tundu la mkiani ni la nini?" Nikamwambia akae nimweleze.